Kiti kimoja cha oboi: wapulizaji wa okestra wanavyofundishwa na wanavyopata kazi

Berliner Philharmoniker, okestra mashuhuri ya Berlin, ina nafasi 128 za wanamuziki. Zaidi ya nusu ni za wapiga ala za nyuzi: fidla, viola, selo na besi. Wanajaa mbele ya jukwaa, wanapiga nota zilezile kwa makundi, na mmoja akiteleza kidogo wenzake wanamfunika. Nyuma yao, katikati, ndipo wanapokaa wapulizaji wachache wenye fluti, oboi, klarineti na basuni. Hao hawana wa kuwafunika. Kila mmoja ana mstari wake kwenye karatasi ya muziki, na mstari huo haupigwi na mwingine yeyote. Fluti ya kwanza ni mtu mmoja. Oboi ya pili ni mtu mmoja. Akikosea, ukumbi mzima umesikia na redio imesharusha.

Watu huuliza kwa nini kijana aliyemaliza chuo bora cha muziki, anayepiga klarineti kwa namna ya kukutoa machozi, anafika miaka 30 bila ajira ya kudumu. Jibu linaanzia kwenye hesabu ya viti. Okestra kubwa ya Marekani ina wapulizaji watatu au wanne kwa kila ala, ukiwahesabu na wale wa ala za pembeni kama pikolo, klarineti ya besi na kontrabasuni. Kwa Ujerumani, okestra kubwa huwa na wapigaji wakuu wawili kwa kila ala wanaopokezana kiti cha kwanza. Kazi hii ina tabia za kazi ya kipa: klabu inaweza kusajili mabeki wanane, lakini langoni anasimama mmoja, na kipa mzuri haondoki leo wala kesho.

Na kweli hawaondoki. Marcel Tabuteau, Mfaransa, alishika oboi ya kwanza ya Philadelphia Orchestra tangu 1915 hadi 1954. Pembeni yake, William Kincaid alishika fluti ya kwanza tangu 1921 hadi 1960. Doriot Anthony Dwyer, mpiga fluti na mmoja wa wanawake wa kwanza kupewa kiti kikuu katika okestra kubwa ya Marekani, aliingia Boston Symphony mwaka 1952 akastaafu 1990. Mtoto aliyezaliwa Philadelphia mwaka ambao Kincaid aliingia kazini angeweza kukua, kusomea fluti, kuhitimu, kuoa na kulea watoto wake mpaka wakawa vijana, nafasi ile haijafunguka hata mara moja.

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha nguvu ya kiti kuliko maelezo yangu yote. Mwaka 1945 askari mmoja wa Kimarekani aliyekuwa mpiga oboi, John de Lancie, alimtembelea mtunzi Richard Strauss huko Bavaria na kumuuliza kama amewahi kufikiria kutunga konserto ya oboi, yaani kazi ambayo ala moja inaongoza mbele ya okestra. Strauss akajibu hapana, moja kwa moja. Miezi michache baadaye konserto ikatoka, na mtunzi akataka de Lancie ndiye awe wa kwanza kuipiga Marekani. Lakini wakati huo de Lancie alikuwa ameshaajiriwa Philadelphia, chini ya Tabuteau. Kwa desturi ya okestra, mpigaji mkuu ndiye mwenye haki ya kwanza juu ya kazi ya solo. Mtu aliyesababisha kazi hiyo izaliwe akalazimika kumwachia haki yake mpiga oboi mwingine wa New York. Kiti cha kwanza alikipata 1954, Tabuteau alipoondoka.

Turudi chuoni. Anayetaka kazi hii huanza utotoni, ila si mapema kama mpiga fidla. Mtoto wa miaka minne anaweza kupewa fidla ndogo. Mpulizaji husubiri meno ya mbele yaote, mapafu yakue na vidole vifikie matundu, kwa hiyo wengi huanza kati ya miaka 8 na 12, na basuni mara nyingi huja baadaye zaidi kwa sababu ya ukubwa wake. Miaka 18 ikifika, anafanya usaili wa kuingia chuo. Juilliard ya New York, Curtis ya Philadelphia, Conservatoire ya Paris, Royal Academy ya London, vyuo vikuu vya muziki vya Berlin, Hannover au Munich: vyote humpokea mwanafunzi kwa jinsi anavyopiga, na cheti cha shule ya kawaida hakina uzito mkubwa.

Ndani ya chuo, kitovu cha masomo ni mwalimu mmoja. Mwanafunzi hukutana naye ana kwa ana mara moja kwa wiki kwa miaka minne au zaidi, na kwa kiasi kikubwa anachagua chuo kwa jina la mwalimu huyo kuliko jina la chuo. Ndiyo sababu wapulizaji huzungumzia nasaba zao za kimuziki kama watu wanavyotaja mababu. Chukua fluti. Paul Taffanel alianza kufundisha Conservatoire ya Paris mwaka 1893 na kujenga namna ya upigaji iliyotaka sauti laini yenye rangi nyingi. Mwanafunzi wake Georges Barrère ndiye aliyepiga ile solo ya kwanza ya fluti katika Prélude à l'après-midi d'un faune ya Debussy ilipotolewa Desemba 1894, akiwa na miaka 18 tu. Barrère alihamia New York mwaka 1905. Akamfundisha Kincaid. Kincaid akamfundisha Julius Baker. Baker, uzeeni, akamfundisha Demarre McGill, kijana kutoka upande wa kusini wa Chicago ambaye baadaye akawa mpiga fluti mkuu wa Seattle Symphony. Kutoka Paris ya karne ya 19 hadi kwa kijana huyo ni mikono mitano tu.

Curtis inastahili kutajwa peke yake. Ilianzishwa mwaka 1924, na tangu 1928 haitozi karo. Kinachonivutia ni ukubwa wake: ina wanafunzi wapatao 160, kwa sababu huandikisha wapulizaji wa kutosha kujaza okestra moja na si zaidi. Anapohitimu mpiga basuni, ndipo anapotafutwa mwingine. Chuo hiki kimekubali hesabu ya viti tangu mlangoni. Vyuo vingine vingi vinafanya kinyume, vinapokea darasa zima la wapiga fluti kila mwaka, vinachukua karo yao, na kuwaachia soko liwachuje. Sisemi ni utapeli. Mwanafunzi wa fluti anaweza kuwa mwalimu mzuri sana. Lakini mzazi anayelipa maelfu ya dola angepaswa kuoneshwa idadi ya nafasi za fluti zilizotangazwa mwaka uliopita katika nchi hiyo, kabla hajatia sahihi.

Kuna jambo ambalo mpiga fidla halijui kabisa, nalo hula nusu ya maisha ya mpiga oboi au basuni: ulimi. Namaanisha kile kijisehemu anachokitia mdomoni. Klarineti ina ulimi mmoja uliofungwa kwenye kinywa cha ala, na wengi huununua dukani kwenye boksi la kumi. Oboi na basuni zina ndimi pacha, na mpigaji wa kiwango cha okestra hutengeneza zake mwenyewe. Hununua matete, mmea uitwao kitaalamu Arundo donax, na yanayosifiwa zaidi hutoka jimbo la Var, kusini mwa Ufaransa. Kwa oboi, tete hupasuliwa, kisha hukwanguliwa kwa ndani kwa mashine ndogo ya mkono mpaka ukuta wake ubaki na unene wa takribani milimita 0.6. Hulowekwa, hukunjwa katikati, huchongwa umbo, kisha hufungwa kwa uzi juu ya kijibomba cha chuma kilichovikwa koki, lile gome laini la kutengenezea vizibo. Ncha hukatwa, na hapo ndipo kazi yenyewe inaanza. Kwa kisu kikali mpigaji anakwangua kidogo hapa, kidogo pale, anaunyanyua kwenye taa aone kivuli chake, anaupuliza peke yake bila ala asikie unatoa mlio gani, anakwangua tena. Ncha inakuwa nyembamba kuliko karatasi. Kisu kikizidi kwa sehemu moja ya mia ya milimita, ulimi umekufa na tete imetupwa.

Ulimi mzuri hudumu siku chache, pengine wiki mbili. Ule uliokuwa unaimba jana unaweza kugoma leo kwa sababu hewa imekuwa kavu au okestra imesafiri kwenda mji wa mlimani. Kwa hiyo mpiga oboi anayekwenda kwenye usaili hubeba kiboksi chenye ndimi kadhaa, na asubuhi ile hachagui iliyo bora, anachagua iliyokubali. Huko Marekani wapiga oboi hukwangua kwa mtindo mrefu ulioenezwa na Tabuteau kupitia wanafunzi wake wa Curtis, ilhali Ulaya hukwangua mfupi, na sauti hutofautiana kiasi kwamba msikilizaji mzoefu anaweza kuhisi bara akiwa amefumba macho.

Watu wa pwani wanazijua shida hizi tangu zamani. Zumari nayo ni ala ya ndimi pacha, na mpiga zumari harusini huvuta pumzi puani huku mashavu yakiendelea kusukuma hewa, mlio usikatike. Wapiga oboi wa okestra hujifunza mbinu hiyohiyo kwa ajili ya vifungu virefu. Ajabu ya oboi ni kwamba tundu la ulimi ni dogo mno, kwa hiyo hewa haimwishii mpigaji bali humzidi: anatakiwa kwanza aitoe iliyochakaa kifuani, ndipo avute mpya. Mpiga fluti ana tatizo la upande wa pili, kwani nusu ya pumzi yake hupotelea nje ya tundu bila kutoa sauti.

Na mwili wa ala wenyewe unatoka kwetu. Klarineti na oboi za wataalamu hutengenezwa kwa mpingo, mti wa taifa wa Tanzania, mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama. Kiwanda cha Buffet Crampon kilichoko Mantes-la-Ville, karibu na Paris, kimetengeneza klarineti za mpingo kwa vizazi. Mpingo huchukua kati ya miaka 70 na 100 kufikia unene wa kuvunwa. Wilayani Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC cha usimamizi wa misitu, ili mbao zao ziuzwe kwa bei ya halali na kijiji kipate chake. Mwaka 2017 jamii nzima ya miti hiyo iliingizwa kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na ghafla wanamuziki wakaanza kuogopa kuvuka mipaka na klarineti zao; ala zilizokwisha kutengenezwa ziliondolewa kwenye masharti hayo mwaka 2019. Mpingo una hila zake. Klarineti mpya ikipigwa saa nyingi siku ya kwanza, unyevu wa pumzi huvimbisha mbao kwa ndani kabla nje haijapata joto, na inapasuka. Mwenye ala mpya huipiga dakika chache tu kwa siku mpaka izoee.

Kabla hatujafika kwenye usaili, kuna mtego mmoja unaowanasa wageni. Ala zenyewe hazifanani duniani kote. Klarineti inayofundishwa Ufaransa, Uingereza, Marekani na Afrika Mashariki ni ya mfumo wa Boehm. Ujerumani na Austria hutumia mfumo mwingine, wenye mpangilio tofauti wa vidole na sauti nzito kidogo, na matangazo ya kazi ya okestra za huko kwa kawaida hudai mfumo huo wa Kijerumani. Basuni imekwenda njia ya kinyume: ile ya Kijerumani ya Heckel imetawala karibu dunia nzima na ya Kifaransa imebaki na wachache. Vienna ina oboi yake yenyewe, ambayo ukitoka nje ya Austria huikuti kirahisi. Mtu anaweza kupiga klarineti kwa miaka 15, akafika Leipzig, akaambiwa aanze vidole upya.

Sasa usaili. Okestra ya Marekani ikitangaza kiti cha klarineti, maombi hufika mia moja na zaidi. Waombaji hujilipia nauli na hoteli. Wanatumiwa orodha ya madondoo, yaani vipande vifupi kutoka kazi kubwa za okestra, na orodha hizo hufanana kila mahali. Mpiga fluti lazima awe na solo ya Debussy niliyoitaja, na scherzo, kipande chepesi cha kasi, ya Mendelssohn kutoka A Midsummer Night's Dream, ambayo mwisho wake ni mfululizo wa nota za haraka usio na mahali pa kupumua. Mpiga oboi atapiga solo ndefu ya konserto ya fidla ya Brahms. Mpiga klarineti hukutana na Simfoni ya Sita ya Beethoven na konserto ya Mozart ya 1791. Mpiga basuni anajua atadaiwa ule mwanzo wa The Rite of Spring ya Stravinsky, ambao mwaka 1913 ulipandisha basuni juu mahali ambapo wengi hawakujua kama inafika.

Anapiga nyuma ya pazia. Kwenye okestra nyingi za Marekani pazia hilo hukaa raundi ya kwanza na ya pili, na baadhi huliacha mpaka mwisho. Boston Symphony ilianza kulitumia mwaka 1952, na okestra nyingine zikafuata hasa miaka ya 1970 na 1980. Sakafuni huwekwa zulia ili viatu visitambulishe kama anayeingia ni mwanamke au mwanamume. Haruhusiwi kusema neno. Akitaka kuuliza kitu, anamnong'oneza msimamizi na msimamizi ndiye anayelisema kwa jopo. Anaitwa kwa namba. Raundi ya kwanza huchukua dakika kama kumi, wakati mwingine chini ya hapo, na sauti kutoka ukumbini inasema asante. Ameandaa madondoo hayo kwa miezi kadhaa.

Jopo linasikiliza nini kwa dakika hizo? Wanaokaa humo husema jambo moja: hawatafuti wa kuwashangaza, wanatafuta sababu ya kumtoa. Nota iliyopanda juu kidogo ya mahali pake. Mapigo yaliyokimbia. Sauti iliyokatika. Mtu wa namba 47 anaposikika nyuma ya pazia, jopo limeshachoka, limesikia solo hiyohiyo ya Brahms mara 46, na sikio linakuwa mkasi. Naona mfumo huu una haki kuliko ule wa zamani, ambapo mwongozaji aliwaita wanafunzi wa rafiki yake. Lakini unamzawadia mtu asiyekosea, na si lazima mtu asiyekosea awe mtu utakayetaka kumsikia kwa miaka 30. Jopo lenyewe linalijua hilo. Mara nyingi usaili huisha bila mtu kuchukuliwa, watu mia wamesafiri bure, na kiti kinatangazwa tena mwaka unaofuata.

Uingereza wana njia nyingine. Wanaofanya vizuri kwenye usaili hualikwa kupiga na okestra kwa majaribio, mmoja baada ya mwingine, wakati mwingine kwa miezi mingi, huku wakilipwa kwa kila onyesho. Inachosha na inatesa, lakini mwishowe wenzake wamemwona mazoezini, kwenye basi na baada ya tamasha baya.

Kushinda usaili hakumalizi jambo. Marekani kuna kipindi cha majaribio cha mwaka mmoja au miwili kabla ya kuthibitishwa kazini. Berlin huamua wanamuziki wenyewe kwa kura, na hapo ndipo ilipotokea kesi maarufu kuliko zote za wapulizaji. Mwaka 1982 mwongozaji Herbert von Karajan alitaka Sabine Meyer apewe kiti cha klarineti, wakati okestra ile ilikuwa ndiyo kwanza inampokea mwanamke wake wa kwanza, mpiga fidla Madeleine Carruzzo. Wanamuziki wakapiga kura: 73 walimkataa, 4 walimkubali. Walisema sauti yake haichanganyiki na ya wenzake. Wengi nje, Karajan mwenyewe akiwamo, waliona sababu ni jinsia. Meyer hatimaye aliondoka, akawa mmoja wa wapiga klarineti wa solo wanaojulikana zaidi duniani. Hoja ya sauti kuchanganyika ni hoja halali katika ukoo huu wa ala, kwa sababu klarineti na fluti zikipiga pamoja kwa sauti moja, mmoja akiwa na rangi tofauti kila mtu atasikia. Ubaya wake ni kwamba haipimiki, na hoja isiyopimika hubeba chochote unachotaka kuificha ndani yake.

Tena pazia huondoa macho tu. Haliwezi kuamua nani alifika usailini. Anthony McGill, mdogo wake Demarre, alianza klarineti akiwa mtoto Chicago, akasoma Curtis, akashika kiti kikuu Metropolitan Opera, na mwaka 2014 akawa mpiga klarineti mkuu wa New York Philharmonic: Mmarekani Mweusi wa kwanza kushika kiti kikuu katika okestra iliyoanzishwa 1842. Baba yao alikuwa zimamoto, mama mwalimu wa sanaa, nao waliwatafutia wanao walimu, programu na ala tangu mapema. Hicho ndicho kinachowapungukia wengi, na hakuna pazia linalokirekebisha. McGill ndiye pia aliyekaa jukwaani Washington siku Obama alipoapishwa, Januari 2009, pamoja na mpiga selo Yo-Yo Ma na mpiga fidla Itzhak Perlman. Baridi ilikuwa kali kiasi kwamba waliusikilizisha umati rekodi waliyoifanya siku mbili kabla. Mpingo na nyuzi visingehimili.

Mshahara niupitie haraka. Katika okestra chache za juu kabisa za Marekani, kiwango cha chini kinazidi dola 150,000 kwa mwaka, na mpigaji mkuu hujadiliana cha juu ya hapo. Mjadala huo hufanyika faraghani, na mwaka 2018 mpiga fluti mkuu wa Boston, Elizabeth Rowe, aliishtaki okestra yake akidai analipwa pungufu kuliko mpiga oboi mkuu, mwanamume aliyekaa jirani yake kabisa. Walimalizana nje ya mahakama mwaka 2019. Ujerumani mishahara ni ya wastani lakini kazi ni ya umma na imara. Tatizo ni kwamba okestra zinazolipwa na serikali zilikuwa 168 mwaka 1992 na sasa ni 129. London Symphony Orchestra, iliyoanzishwa 1904 na kumilikiwa na wanamuziki wake, hulipa kwa kila kazi: ukiugua, hujapata kitu.

Waliobaki nje ya viti, ambao ndio wengi, ni deiwaka. Simu inalia saa tano asubuhi, mpiga oboi wa pili ana homa, uje leo jioni, mavazi meusi, hakuna mazoezi. Anayeitwa tena ni yule aliyefika mapema na hakumsumbua jirani. Wengine wanapiga kwenye majumba ya tamthilia za muziki za Broadway na London, ambako mtu mmoja hutakiwa kubadilisha fluti, klarineti na saksafoni ndani ya onyesho moja. Wengine huingia bendi za jeshi. Bendi ya kikosi cha Marines cha Marekani, iliyoanzishwa 1798, ni mwajiri mkubwa wa wapiga klarineti, na wanaoshinda usaili wake hawapitishwi kwenye mafunzo ya kijeshi. Karibu wote hufundisha.

Mwili nao una yake. Alex Klein, Mbrazili aliyekuwa mpiga oboi mkuu wa Chicago Symphony tangu 1995, aliacha kiti mwaka 2004 kwa sababu ya distonia, ugonjwa ambao ubongo hupoteza udhibiti wa vidole vilevile vilivyofunzwa zaidi. Mwaka 2016 alirudi kujaribu tena, na hakuthibitishwa. Wapulizaji pia hukaa mbele ya tarumbeta na tromboni, na kwenye okestra nyingi utaona vigao vya plastiki nyuma ya vichwa vyao na vizibo masikioni.

Kwa kijana wa Nairobi, Dar es Salaam au Kinshasa, mlango wa kwanza kwa miaka mingi umekuwa bendi: ya polisi, ya jeshi, ya kanisa. Huko ndiko klarineti zilipo. Kenya Conservatoire of Music imekuwepo tangu 1944 na hufundisha kwa mitihani ya muziki ya ABRSM, bodi ya Uingereza. Ghetto Classics, iliyoanzishwa 2008 na Elizabeth Njoroge huko Korogocho, imewapa watoto ala ambazo familia zao zisingeweza kuzinunua. Kinshasa, Armand Diangienda, rubani aliyepoteza kazi, alianzisha mwaka 1994 okestra ya kanisa la Kimbanguiste kwa watu waliojifunza karibu kila kitu wenyewe. Muscat ilichagua njia ghali zaidi: Sultan Qaboos aliamuru mwaka 1985 ianzishwe okestra ya Waomani, wakachaguliwa vijana ambao wengi wao hawajawahi kushika ala, wakaletewa walimu, wakafundishwa kuanzia sifuri kama ajira.

Anayetaka kuendelea nje asianze na ndoto ya kiti cha Berlin, aanze na maswali ya kawaida. Vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi karo hata kwa wageni. Jimbo la Baden-Württemberg, hata hivyo, hutoza wasio raia wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Kijerumani kitatakiwa, na cheti cha lugha huchukua miezi. Mpiga klarineti aulize mwalimu anayemlenga kama anapokea wanafunzi wa mfumo wa Boehm, na kama hapokei, ni nani atakayemkopesha ala ya Kijerumani kwa mwaka wa kwanza. Mpiga basuni ana nafuu upande wa mfumo na taabu upande wa pesa, maana Heckel mpya ni makumi ya maelfu ya dola, kwa hiyo ulizia kama chuo kina ala ya kuazima. Mpiga oboi ajifunze kisu sasa hivi, akiwa nyumbani, kwa matete ya bei rahisi, kwa sababu mwalimu wa Ulaya atakubali kukufundisha sauti, lakini atachoka haraka na mwanafunzi anayefika kila wiki na ulimi wa dukani.